Wengi Wape, Lakini Si Kila Kitu



Wahenga walisema, wengi wape. Nasi hatukuja hapa kubishana na wahenga. Tunapomchagua mbunge, au mwenyekiti wa halmashauri ya parokia, hatuijui njia iliyo ya haki kuliko kuhesabu kura na kuwapa walio wengi yule wamtakaye. Lakini methali hiyo sasa imetiwa vinywani mwa watu wasiokusudia walichokusudia wahenga. Twaisikia mikutanoni: "Tulishinda, basi tutafanya tupendavyo." Anayenung'unika huambiwa angoje uchaguzi ujao. Anayekwenda mahakamani huitwa adui wa maendeleo. Anayeandamana huitwa mhaini.

Twataka kusema waziwazi: hiyo si demokrasia. Ni udhalimu uliojifunika vazi la demokrasia, na vazi hilo hutolewa na sisi wenyewe siku ya kupiga kura.

1. Wengi wapewe nini?

Swali ambalo methali haikulijibu, na ambalo kila Mkristo hana budi kulijibu, ni hili: wengi wapewe nini? Twajibu kwamba wapewe haki ya kuongoza kwa muda uliowekwa, kutunga sheria, kupanga matumizi ya kodi. Lakini wasipewe mwili wa jirani wala dhamiri yake. Wasipewe shamba lake bila sheria na fidia, wala uhuru wake bila hukumu ya hakimu asiyeogopa mtu. Vitu hivyo havikutolewa na kura, kwa hiyo kura haiwezi kuvichukua. Binadamu alikuwa navyo kabla serikali yoyote haijaundwa, kwa sababu aliumbwa navyo. Serikali haikumpa, iliajiriwa ivilinde.

Wako watakaosema kwamba haya ni mawazo ya kigeni, kwamba Mwafrika hujali jamii na si mtu mmoja mmoja. Twawauliza: ni katika jamii gani ya mababu zetu ambapo wazee wangemtoa mtu usiku nyumbani kwake, bila kumwita barazani, bila kumweleza kosa lake, na mkewe asijue alikopelekwa, kisha wakaita jambo hilo mila? Kikao cha wazee kilisikiliza pande mbili. Anayesema haki ni ya wageni ndiye anayewatukana mababu.

2. Shamba la Nabothi

Someni tena kisa cha Nabothi katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21. Mfalme Ahabu alilitamani shamba la mizabibu lililokuwa karibu na jumba lake. Nabothi alikataa kuliuza, kwa kuwa lilikuwa urithi wa baba zake. Tazameni basi jinsi alivyonyang'anywa. Halikutumwa genge la wezi. Yezebeli aliandika barua, akazipiga muhuri wa mfalme, akazipeleka kwa wazee na wakuu wa mji. Mfungo ukatangazwa. Kikao kikaitishwa. Mashahidi wawili wakaletwa, kama sheria ilivyotaka. Kila kitu kilifanywa kwa utaratibu, na mwisho wake Nabothi alipigwa mawe.

Mara nyingi katika mahubiri tunamlaani Yezebeli na kuwasahau wale wazee. Barua ile isingekuwa na nguvu kama mzee mmoja tu angesimama na kuuliza: "Mashahidi hawa ni akina nani? Na shamba hili litakwenda kwa nani?" Mji mzima ulikuwapo, na hakuna aliyeuliza. Kisa hiki kinatufundisha kwamba dhuluma kubwa hupita ofisini, ikibeba muhuri, na husimama tu pale inapomkuta mtu anayekataa kutia sahihi.

3. Ufa baada ya ufa

Yaliyompata Nabothi yalitupata na sisi hapa Kenya. Katiba ya uhuru ya mwaka 1963 ilikuwa na sura nzima ya kulinda haki za mtu. Hakuna jeshi lililoiangusha. Ilibomolewa kwa kura za Bunge, tofali baada ya tofali, na kila mara ilitolewa sababu iliyosikika kuwa njema.

Mwaka 1966, baadhi ya wabunge walipokihama chama tawala, Katiba ilibadilishwa ili wapoteze viti vyao. Mwaka huohuo mlango ulipanuliwa wa kuwaweka watu kizuizini bila kuwafikisha mahakamani. Sababu ilikuwa usalama wa taifa. Wengi walinyamaza, kwa kuwa waliokamatwa walikuwa wa upande mwingine.

Oktoba 1975 wabunge wawili, Martin Shikuku na Jean-Marie Seroney, walikamatwa ndani ya majengo ya Bunge lenyewe. Kosa lao lilikuwa maneno waliyoyasema Bungeni kuhusu hali ya chama tawala. Seroney alikuwa Naibu wa Spika. Walikaa kizuizini bila mashtaka hadi mwaka 1978. Bunge lililofungua mlango ule mwaka 1966 likawa sasa linatolewa watu wake kupitia mlango huohuo.

Juni 1982 Bunge lilipitisha Kifungu cha 2A, na Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kwa sheria. Mwaka 1986 Mkuu wa Sheria na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali waliondolewa ulinzi wa kazi zao, hata rais akaweza kuwafukuza apendapo. Mwaka 1988 ulinzi huo waliondolewa majaji pia. Na katika badiliko hilohilo, muda ambao polisi wangeweza kumshika mshukiwa wa kosa la kifo kabla ya kumfikisha mahakamani ulitolewa saa 24 ukafanywa siku 14. Mtu atakayekaa siku 14 mikononi mwa walinzi wasioonekana na yeyote, kisha akapelekwa mbele ya jaji anayeweza kufukuzwa jioni hiyo, atatetewa na nani? Watu waliteswa katika vyumba vya chini vya Nyayo House katikati ya jiji la Nairobi, huku juu yao wananchi wakipanda lifti kwenda ofisini. Miaka mingi baadaye mahakama iliamuru walioteswa walipwe fidia. Fidia haikurudisha afya za watu wale wala ndoa zilizovunjika.

Mwaka huohuo wa 1988 kura ya siri iliondolewa katika uteuzi wa wagombea. Wananchi walipangwa mlolongo nyuma ya wagombea, na aliyehesabiwa kupata zaidi ya asilimia 70 alitangazwa mshindi bila kura nyingine. Mtu alichagua mbele ya macho ya chifu, ya mwajiri wake, na ya yule anayemdai. Mahali pengine mlolongo mfupi ulitangazwa kuwa ndio mrefu. Wachungaji wa Baraza la Taifa la Makanisa walikuwa wameupinga utaratibu huo tangu mwaka 1986, wakatukanwa kwa sababu hiyo. Walikuwa wachache. Leo hakuna hata mmoja anayethubutu kuutetea mlolongo.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi hatukuziba, tukaujenga ukuta kwa zaidi ya miaka 20.

4. Aliyejenga selo

Twawaomba wabunge wetu, na wote wanaowashangilia, wawakumbuke waliotangulia. Waziri aliyewasilisha mswada wa Kifungu cha 2A mwaka 1982 alikuwa Charles Njonjo, mtu aliyeogopwa nchi nzima. Mwaka uliofuata yeye mwenyewe alituhumiwa na kuangushwa, na hakukuwa na chama kingine cha kumsemea. Aliyeuunga mkono mswada ule ni Mwai Kibaki. Desemba 1991, mara tu kifungu hicho kilipofutwa, Kibaki alitoka chamani akaunda chama chake. Kenneth Matiba na Charles Rubia waliwahi kuwa mawaziri. Julai 1990 waliwekwa kizuizini kwa kudai vyama vingi, na Matiba alitoka huko akiwa amepatwa na kiharusi.

Hatuyataji haya ili kuwacheka. Twayataja kwa sababu anayepiga kura ya kuwanyima wengine kinga hudhani atakuwa upande wa wenye nguvu siku zote. Kinga ya mnyonge wa leo ndiyo kinga ya mkubwa wa kesho atakapokuwa mnyonge.

5. Hata sisi tuliwahi kushindwa

Mambo yalianza kurudi: ulinzi wa majaji mwaka 1990, vyama vingi mwaka 1991, kufutwa kwa mamlaka ya kuweka watu kizuizini bila mashtaka mwaka 1997, na hatimaye Katiba mpya iliyopigiwa kura tarehe 4 Agosti 2010.

Hapa twapaswa kuwa wakweli. Maaskofu wetu waliwaomba waamini waikatae Katiba hiyo kwa sababu ya kifungu kinachohusu utoaji mimba, na wengi wetu tuliikataa. Tulishindwa. Takriban theluthi mbili ya wapiga kura walisema ndiyo. Je, siku iliyofuata shule zetu zilifungwa? Mapadre walikamatwa? La hasha. Tuliendelea kuhubiri tulichohubiri, tukiwa wachache katika jambo hilo, na Katiba ileile tuliyoikataa ndiyo iliyotulinda tuendelee kuipinga sehemu yake. Baadhi yetu walinung'unika pia kwamba Katiba imezitambua Mahakama za Kadhi kwa ndugu zetu Waislamu. Na watafakari sasa: Katiba inayoweza kumlinda Mwislamu wakati wengi si Waislamu ndiyo itakayomlinda Mkatoliki wakati wengi si Wakatoliki.

Zaidi ya hayo, hakuna kabila hata moja katika Kenya lililofika nusu ya wananchi. Walio wengi bondeni ni wachache mlimani, na walio wengi kijijini ni wachache mjini. Mwanzoni mwa mwaka 2008 tuliona maana yake. Tume iliyochunguza ghasia za baada ya uchaguzi ilihesabu watu 1,133 waliouawa. Mahali pamoja waliua hawa, na mahali pengine wakauawa hawahawa. Kila Mkenya ni mchache mahali fulani. Ajuaye hilo hatatamani tena utawala wa wengi usio na mpaka.

6. "Majaji hawa walichaguliwa na nani?"

Hoja inayotolewa mara nyingi ni kwamba majaji hawakupigiwa kura, hivyo hawana haki ya kuwazuia waliopigiwa. Ni hoja yenye sura nzuri, na twaijibu.

Mwamuzi wa mpira hachaguliwi na mashabiki, na hiyo ndiyo sababu timu ya wageni hukubali kuingia uwanjani. Jaji amewekwa ili awepo mtu mmoja katika nchi ambaye hahitaji kupendwa na wengi ili aendelee na kazi. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, ilifuta uchaguzi wa rais aliyekuwa madarakani. Rais alitii, uchaguzi ukarudiwa, lakini aliwashambulia majaji hadharani akiwaita wakora. Umati ulishangilia matusi hayo, na tunahofu kwamba baadhi ya walioshangilia walitoka kwenye Misa asubuhi hiyohiyo au Jumapili iliyotangulia.

Tena mwaka 2021 Mahakama Kuu iliubatilisha mpango wa BBI wa kuibadilisha Katiba, ingawa rais, kiongozi mkuu wa upinzani na mabunge mengi ya kaunti walikuwa wameuunga mkono. Mahakama ya Rufaa iliukataa pia, na Machi 2022 Mahakama ya Juu ikathibitisha kwamba rais hawezi kuutumia mlango uliowekwa kwa ajili ya wananchi kubadili Katiba. Tuupende mpango ule au tuuchukie, tuelewe kilichotokea: wakubwa wote walikubaliana, na bado sheria ikasema hapana. Mwaka 1988 neno hilo lisingetamkwa.

Majaji nao si malaika. Jaji anayeuza hukumu ni mwizi mbaya kuliko wa barabarani, na Katiba imeweka njia ya kumwondoa. Lakini kumwondoa jaji kwa kuwa ni mla rushwa ni jambo moja, na kumtisha kwa kuwa amekataa kuinama ni jambo jingine. Msikubali mambo hayo mawili yachanganywe.

7. Karatasi haina miguu

Je, kuwa na Katiba njema kunatosha? Mwaka 2024 umetujibu. Mwezi Juni vijana walijitokeza kuupinga Mswada wa Fedha. Tarehe 25 Bunge liliupitisha kwa kura 195 dhidi ya 106, na siku hiyohiyo damu ya vijana ikamwagika katika barabara za Nairobi. Siku iliyofuata rais alikataa kuutia sahihi mswada ule. Lakini katika miezi iliyofuata watu walianza kutoweka. Walichukuliwa na wanaume wasiovaa sare, katika magari ambayo namba zake hazikuweza kufuatwa. Mwishoni mwa mwaka huo Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilisema kwamba tangu Juni ilikuwa imeorodhesha watu 82 waliotekwa, na 29 kati yao walikuwa hawajulikani waliko.

Katiba yetu inasema katika Kifungu cha 49 kwamba aliyekamatwa aelezwe sababu mara moja kwa lugha anayoielewa, aruhusiwe kuwasiliana na wakili na watu wake, na afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya mahakama inayofuata iwapo saa hizo zimeishia nje ya saa za kazi. Kifungu cha 25 kinasema kwamba yako mambo manne yasiyoweza kupunguzwa kwa sababu yoyote ile: mtu asiteswe, asifanywe mtumwa, asinyimwe hukumu ya haki, wala asinyimwe amri ya mahakama ya kuwataka waliomshika wamlete mbele ya jaji. Kwa sababu yoyote ile, ndugu zetu. Hata usalama wa taifa. Hata kama kijana huyo ameandika au kuchora jambo lenye kuudhi sana. Mwenye kuudhiwa anayo mahakama. Na aende huko kama sisi wengine.

Lakini karatasi haina miguu ya kwenda kituo cha polisi usiku. Miguu ni yetu.

8. Tujikosoe

Itakuwa unafiki tukiinyoshea serikali kidole na kuificha mikono yetu. Tunapolalamika kwamba polisi wanaua bila hukumu, tukumbuke ni nani waliomchoma kijana kwa tairi sokoni kwa kuwa alishukiwa kuiba simu. Ni sisi. Ni nani waliowaua bibi vizee kwa tuhuma za uchawi? Ni majirani waliobatizwa. Katika vikao vyetu twasikia: "Akikamatwa, basi lazima ana kosa." Hayo ndiyo maneno ya wazee wa mji wa Nabothi. Mwenye kuyasema ameshawaandalia kazi watekaji.

Na ndani ya Kanisa, je? Paroko anayefunga hesabu za parokia zisisomwe, au mwenyekiti wa jumuiya anayekaa madarakani miaka 15 kwa kuwa hakuna anayethubutu kuitisha uchaguzi, huwafundisha waamini kuzoea utawala wa mabavu. Twayasema haya tukijijumuisha sisi mapadre.

9. Yatupasa kufanya nini?

Kwanza, kila Jumuiya Ndogo Ndogo iwe na nakala ya Katiba, na Sura ya Nne isomwe pole pole, kifungu kimoja kila wiki, kwa lugha ambayo bibi na kijana wataielewa.

Pili, mtu akikamatwa, wawili wa jumuiya waende kituoni siku hiyohiyo. Waulize kwa adabu kama jina lake limeandikwa katika kitabu cha matukio, waandike saa na jina la kituo, na wasiondoke mpaka wamejua alipo. Wafanye hivyo hata kama ni mlevi, hata kama ni wa kabila jingine, hata kama ni yule aliyetuibia kuku. Haki ikilindwa kwa tunaowapenda tu, huo ni upendeleo.

Tatu, asiyejulikana alipo atafutwe kwa njia ya mahakama. Kifungu cha 22 kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kwa niaba ya mwingine asiyeweza, na mashauri hayo hayatozwi ada ya kufunguliwa. Tume za Haki na Amani za majimbo zitafutwe ziwasaidie.

Nne, mbunge akija harambee, kabla ya kumpigia makofi kwa ajili ya mabati, aulizwe alivyopiga kura katika miswada inayogusa mahakama, polisi na vyombo vya habari. Tukinunuliwa kwa mabati tutakuja kukosa mlango.

Ndugu wapendwa, barua zenye muhuri zitaendelea kuandikwa, kwa kuwa Yezebeli hakosi wino. Kitakachoamua hatima ya Nabothi wa leo ni kama katika mji wetu yuko mzee mmoja, mwalimu mmoja, katekista mmoja, polisi mmoja, atakayeirudisha barua bila sahihi yake. Tumwombe Mungu atupe watu hao, kisha tuwe sisi.

Maswali ya kutafakari katika Jumuiya

1. Katika kisa cha Nabothi, sisi tungekuwa nani: wazee, mashahidi, au umati uliotazama?
2. Ni nani walio wachache katika mtaa wetu, na nani huwasemea?
3. Mtu wetu akikamatwa usiku wa leo, ni wawili gani watakaokwenda kituoni? Wachaguliwe kabla kikao hiki hakijafungwa.